Dhahabu nene bodi nzima? Hapana mkuu, vidole peke yake

Swali lenyewe nalifupisha hivi: jamaa ana kadi ya kupimia vifaa, inachomekwa na kuchomolewa kwenye soketi kama mara 30 kwa siku. Ni bodi ya saketi, ukingoni ina vidole vya dhahabu, vile vipande vya mguso vinavyoingia kwenye soketi, katikati ina chipu moja ya BGA na mbili za QFN, aina zinazoshikwa na solda kwa chini. Toleo la kwanza aliagiza ENIG, yaani nikeli iliyofunikwa dhahabu nyembamba, baada ya wiki chache kadi zikaanza kukata mawasiliano na kurudi, akiangalia vidole anaona mistari ya rangi ya fedha. Sasa anasema, "nataka nipige dhahabu ngumu bodi nzima, maikroni 1.27, nimalize hii kazi, kuna ubaya? Na zile tatu za zamani zinaokoleka?"

Mkuu, jibu fupi kwanza usije ukatuma oda kabla hujamaliza kusoma. Ubaya upo, tena mkubwa. Vidole vipige dhahabu ngumu, ile nene inayopandishwa kwa umeme, kwingine kote baki na ENIG kama ulivyokuwa. Sababu ntakueleza kwa kirefu maana hapa wengi wanateleza, wanaona dhahabu ni dhahabu tu, nyembamba ya kubania pesa na nene ya wenye nazo, kumbe ni vitu viwili vyenye kazi mbili tofauti vimeshea jina.

Tuanze na pedi za solda, vile vipande vya chuma kwenye bodi ambapo chipu inalehemiwa. ENIG ni nikeli inayopandishwa kwa kemikali bila umeme, kawaida maikroni 3 mpaka 6, na juu yake dhahabu ya kuchovya ya maikroni 0.05 mpaka 0.1 hivi. Basi. Hiyo dhahabu ni nyembamba kiasi kwamba ukiita rangi hukosei sana. Na watu wakiona pedi inang'aa wanadhani solda inakuja kushika dhahabu, hapana, solda ikishayeyuka ile dhahabu inapotelea kwenye bati ndani ya sekunde isiyotimia, na kinachobaki kimekutana na solda ni nikeli. Bati na nikeli ndo zinazoungana na kutengeneza kile kitabaka kinachoishikilia chipu yako. Dhahabu ilikuwepo kulinda nikeli isishike oksidi tangu inatoka kiwandani mpaka siku unaiingiza kwenye ovena, sawa na ile nailoni ya kwenye kioo cha simu mpya, imelinda njia nzima halafu siku ya kutumia unaibandua. Sasa ukiweka nailoni nene mara kumi simu haiwi bora, unapata tu kazi ya kuibandua.

Na dhahabu tofauti na nailoni haibanduki ikaenda zake, inabaki ndani ya solda. Hapo ndo shida ilipo. Dhahabu na bati zikikutana zinatengeneza vijisahani vigumu vya AuSn4, vikiwa vichache havina neno, vikizidi solda inakuwa kama biskuti kavu, inashika vizuri mezani halafu ikipata mtikisiko au joto la kupanda na kushuka inapasuka. Kipimo ambacho watu wa kazi hii wanakiheshimu ni dhahabu isizidi kama asilimia 3 ya uzito wa solda.

Tupige hesabu kidogo, we chukua kalamu ufuate. Pedi ya milimita moja kwa moja. Stensili, ile sahani yenye matundu ya kupakia pesti ya solda, ina unene wa milimita 0.12, tundu sawa na pedi, kwahiyo pesti inayokaa ni milimita za ujazo 0.12, na nusu yake tu ndo chuma, iliyobaki ni flaksi, kemikali ya kusaidia solda ishike, inayoondoka. Umebaki na solda milimita za ujazo 0.06, kwa solda isiyo na risasi hiyo ni kama maikrogramu 444. Sasa dhahabu. Ikiwa ni ENIG ya maikroni 0.1, kwenye pedi hiyo kuna maikrogramu 1.93, yaani asilimia 0.4, hamna tatizo kabisa. Ikiwa ni dhahabu ya maikroni 0.76, zinakuwa maikrogramu 14.7, asilimia 3.2, umeshagusa mstari. Na hiyo yako ya 1.27 inafika maikrogramu 24.5, gawa kwa jumla unapata asilimia 5.2. Hapo bado sijaweka dhahabu ya kwenye miguu ya chipu yenyewe kama nayo imechovywa. Na QFN ndo mbaya zaidi kwa sababu solda yake ni kiduchu, hakuna mguu unaoinuka wa kubeba solda ya ziada, ni pedi mbili zimelaliana na utando katikati.

Ndo maana IPC-6012, standadi ya bodi za saketi, inaweka kikomo cha juu cha dhahabu inayopandishwa kwa umeme kwenye sehemu za kusolda, maikroni 0.45. Ukirudia hesabu yetu kwa 0.45 unapata karibu asilimia 1.9, utaona wenyewe hawakuitoa hewani.

Mi hili nilishalipia ada. Zamani kidogo niliagiza bodi ndogo za kifaa cha kubeba, nikaandika "dhahabu nene kote" kwa majigambo tu, zikaja zinang'aa ungedhani mapambo. Solda ikashika safi, pedi zimejaa, kwa macho hakuna kasoro hata moja, nikapima zote zikafanya kazi nikazifungasha. Mwezi haujaisha zinaanza kurudi. Moja nikaiweka chini ya hadubini, nikaigusa QFN ubavuni kwa ncha ya kibano, sijasukuma kwa nguvu mkuu, nimeigusa tu, ikatoka nzima kama jino la maziwa. Chini yake pedi zilikuwa na mpasuko wa kijivu, chengachenga, hazikuvutika hata kidogo. Solda nzuri ukiing'oa inavutika kwanza, inaacha vinyuzi vya kung'aa, hii ilikatika kama chaki. Kiwanda hakikuwa na kosa, walinipa nilichoandika.

Sasa utasema basi nibaki na ENIG ila niwaambie waongeze dhahabu kidogo, tuseme 0.3, ili vidole vidumu na solda isiharibike. Hili nalo linaombwa sana na ni mtego. Dhahabu ya ENIG inakaa kwa kubadilishana, kila atomu mbili za dhahabu zinazokaa, atomu moja ya nikeli inatoka inaingia kwenye maji. Nikeli ikishafunikwa mchezo unajisimamia wenyewe, ndo maana inaishia karibu na hapo kwenye 0.1. Ukimlazimisha fundi wa kiwanda afike mbali zaidi ataacha bodi kwenye beseni muda mrefu, na yale maji yanaendelea kuila nikeli kupitia vitundu vya dhahabu, yanapenya kwenye mipaka ya chembechembe zake, na unachopata ni ule ugonjwa wanaouita pedi nyeusi. Juu dhahabu inang'aa, chini nikeli imeoza na fosforasi iliyomo ndani yake imejikusanya, solda inashika leo kesho inaachia. Huuoni mpaka chipu itoke. IPC-4552, standadi ya ENIG iliyotoka kwanza 2002, mwanzoni ilikuwa inahimiza kiwango cha chini cha dhahabu, baadaye ndo wakaongeza na cha juu, kwa sababu hiyohiyo. Kwahiyo ukiona mtu anajisifu ENIG yake ni nene, muulize bodi imekaa kwenye beseni dakika ngapi.

Haya tuje kwenye vidole, huku ndo msuguano uliko na dhahabu inabadilika kazi.

Kwenye soketi kila kidole kinakwanguliwa na kijiko cha chuma chenye springi. Kukwangua huko kunatakiwa kabisa, kunafuta uchafu ili chuma kikutane na chuma. Ila dhahabu ya kuchovya ni safi, na dhahabu safi ni laini, na ni 0.1 tu. Ukichomeka mara chache inavumilia, kwa mashine inayofunguliwa mara moja kwa mwaka inatosha kabisa, lakini wewe ni mara 30 kwa siku, wiki moja ya kazi umeshafika 150. Ile mistari ya rangi ya fedha uliyoona ndo nikeli imetokeza. Nikeli hewani inashika oksidi, oksidi haipitishi umeme vizuri, springi ikitua juu yake mawasiliano yanakata, ikisogea kidogo yanarudi, ndo ule ugonjwa wako wa kukata na kurudi. Chukua lenzi uangalie vizuri: ukiona fedha au kijivu ni nikeli, ukiona wekundu mambo yamefika kwenye shaba.

Dhahabu ngumu ni kitu kingine. Inapandishwa kwa umeme, na ndani yake kuna kobalti kidogo au nikeli kidogo, sehemu ndogo sana ya asilimia, ila inatosha kuifanya iwe ngumu takribani mara mbili ya dhahabu safi au zaidi. Unene wa kawaida kwa vidole ni 0.76 kwa kazi za kawaida na 1.27 kwa kazi ngumu, zile ambazo kikifa kifaa kuna mtu anaumia. Kwa matumizi yako mi ningeenda 1.27 kwenye vidole tu, kwa sababu eneo lake ni dogo, dhahabu inayoongezeka ni kidogo, wakati bodi nzima unalipia dhahabu ambayo nusu yake inaenda kuharibu solda.

Nikeli ya chini usiisahau, hii watu wanaipita. Kwanza inazuia shaba isipande kupenya kwenye dhahabu, maana shaba na dhahabu zikiachwa pamoja zinaingiliana na mwisho shaba inatokeza juu na kuoksidika. Pili, na hii ndo inahusu msuguano, nikeli ni ngumu, inaibeba dhahabu isibonyee. Dhahabu juu ya shaba tupu ni kama vigae juu ya godoro. Usikubali nikeli chini ya maikroni 2.5, mi huandika 3 kwenda juu. Kuna wenye saketi za masafa ya juu sana wanaokimbia nikeli kwa sababu umeme wa masafa hayo unapita juujuu kwenye ngozi ya chuma na nikeli inakula ishara, ila kadi yako ya kupimia haiko huko, usijiumize kichwa.

Na hapa niseme kitu, wasije wakanikamata: ENIG si mbaya kwa kila mguso. Vitufe vya kubonyeza vile vyenye kuba la chuma, sehemu za kugusisha pini za majaribio, huko inafanya kazi vizuri miaka mingi kwa sababu mwendo ni wa kubonyeza, haukwangui. Adui yake ni kuteleza. Hata simu nyingi zimewahi kutengenezwa na ENIG kwenye vitufe huku pedi za BGA zimeachwa shaba iliyopakwa kinga ya kemikali ya OSP, kwa sababu kiungo cha bati na shaba kinavumilia kudondoshwa chini kuliko cha bati na nikeli. Unaona sasa, bodi moja finishi mbili ni jambo la kawaida kabisa, usiogope kuliagiza.

ENEPIG utaisikia tu kwa wauzaji, ni nikeli, kisha paladi, kisha dhahabu nyembamba. Ni nzuri sana kwa wanaofunga nyuzi za dhahabu moja kwa moja kutoka kwenye kipande cha silikoni, na ile paladi inasaidia nikeli isiliwe na beseni la dhahabu. Ila kwa kukwanguliwa mara 30 kwa siku bado ni utando mwembamba tu. Ukiuziwa kama dawa ya vidole kataa.

Sasa namna ya kuagiza, hapa ndo pesa inaokolewa au inapotea. Usiandike "gold" ukaishia hapo, neno hilo kiwandani lina maana nne na watachagua iliyo rahisi kwao. Andika kwenye mchoro wa faili zako: vidole vya ukingoni dhahabu ngumu ya umeme angalau maikroni 1.27 juu ya nikeli angalau 3, sehemu nyingine zote ENIG kwa mujibu wa IPC-4552. Halafu omba ripoti ya vipimo vya unene, wana mashine ya eksirei inayopima bila kukwangua, kiwanda cha maana hakikunyimi. Bodi zikifika bandika selotepu kwenye kidole kimoja, ikandamize, ivute kwa haraka, dhahabu ikibaki kwenye selotepu zirudishe zote.

Kwenye mchoro wenyewe: dhahabu ngumu inahitaji umeme ufike kwenye kila kidole wakati wa kupandisha, kwahiyo kila kidole lazima kiwe na kijinjia kinachotoka nje ya ukingo kwenda kwenye reli ya pamoja, inayokatwa baadaye. Viwanda vingi vinaviongeza vyenyewe ila ukiwa na kidole kifupi kilichojificha nyuma ya vingine, au vidole vilivyo katikati ya bodi, ongea nao mapema. Kinga ya kijani usiiweke katikati ya kidole na kidole, fungua dirisha zima. Vitobo vya via, vile vinavyounganisha tabaka za bodi, viweke mbali na vidole, milimita moja na kuendelea, maana solda au kemikali ikitiririka kwenye kidole hiyo kadi imeisha. Ukingo uchongwe mshazari, digrii 30 inafaa kwa soketi nyingi, ukingo wa mraba unaingia kama patasi na unakwangua springi kila mara. Na shaba za tabaka za ndani zirudishe nyuma kidogo zisije zikatokeza pale unapochongwa.

Kingine ambacho ndo kinaua kadi nyingi kimyakimya, raba ya kufutia penseli. Najua unaitumia, wote tumeitumia, mawasiliano yakikata unachomoa unasugua na raba vidole vinang'aa kadi inawaka. Ile raba inakwangua, kwenye dhahabu ya 0.1 unasugua mara mbili tatu umeshaimaliza, kinachong'aa ni nikeli mpya iliyochanwa sasa hivi, kesho inaoksidika tena na we unasugua tena. Tumia pombe ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, unafuta kufuata urefu wa kidole. Kama bado haisomi baada ya hapo tatizo si uchafu.

Halafu soketi. Hujaiuliza ila mi ndo ningeanza nayo. Soketi nyingi za kadi za kompyuta datashiti zake zinaahidi kuchomekwa mara chache tu, 25 au 50, kwa sababu mwenye kompyuta anachomeka kadi mara moja anasahau. Yako kwa mwendo huo inaisha kabla ya wiki ya kwanza. Unaweza ukapiga vidole 1.27 ukafurahi na ugonjwa ukarudi palepale kwa sababu springi za soketi zimechoka au dhahabu yake imeisha. Tafuta soketi iliyotengenezwa kwa kazi ya kupimia, soma idadi ya mizunguko yake, na hakikisha springi zake ni za dhahabu, kwa sababu ukikutanisha bati na dhahabu penye mtetemo bati inajipaka kwenye dhahabu na kugeuka uchafu mweusi usiopitisha umeme. Ukiweza zaidi weka kikadi cha kati, kipande kifupi cha bodi chenye vidole upande mmoja na soketi upande wa pili, hakina chipu hata moja, ndo kinachokwanguliwa kila siku, kikichoka unatupa unaweka kingine na kadi yako yenye BGA haiguswi.

Zile tatu za zamani. Kuna kalamu za kupandisha dhahabu kwa brashi na umeme mdogo, zipo, na kwa mkono uliotulia kidole kinarudi kuwa cha manjano, ila kupata unene na ugumu unaoeleweka juu ya nikeli iliyokwisha kuoksidika bila kuiamsha kwanza kwa kemikali ni kazi ya watu wa fani hiyo, na kwa kadi tatu hailipi. Kama chipu za katikati ni nzima, lehemu nyaya au konekta kwenye pedi za karibu na vidole uzitumie zikiwa zimekaa sehemu moja, mezani, hazichomolewi tena. Ila usizichomeke kwenye soketi mpya hata mara moja ya kujaribu. Kidole kilichochubuka kina makali ya nikeli, kinaingia kama msasa, na utakuwa umeanza kumaliza dhahabu ya soketi uliyoinunua jana.